Chai Yake na Vidonge vya Damu

Yule mama aliyekuwa akiuza chai nje ya kituo cha afya kule Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, amefariki dunia. Habari nililetewa kwa simu na dalali wangu wa maharage, mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuanza na salamu. Nilikuwa dukani kwetu hapa Mbarara, nikibishana na mteja aliyedai kwamba maharage yangu yana mawe mengi kuliko maharage. "Papa," dalali akasema, "ule mama ya chayi amekufa. Ni presha ilimuangusha. Tunamuzika kesho." Nikamwachia yule mteja ushindi wa bure, nikakaa juu ya gunia. Wasomaji wa safu hii mnanijua: mimi ni mtu wa hasira za karibu, na machozi yangu huwa nayaweka mbali. Siku ile hasira ndiyo iliyotangulia, maana nilikasirika kwamba mtu wa namna ile anaondoka kimya hivi, hata redio haisemi neno, ilhali wapo wengine wanaofungua choo cha shule wakapigiwa tarumbeta. Basi leo nafasi hii ni yake, na jina lake silitaji, kwa kuwa hata akiwa hai hakupenda kutajwa.

Tulifahamiana kwa sababu ya maharage. Kila mavuno huwa nakwenda Juru kununua, na kila nikienda nalazimika kungoja: baiskeli za wakulima zije, mizani ipatikane, mvua ikate. Pa kungojea palikuwa kwenye kibanda chake, turubai moja, mabenchi mawili na jiko la mkaa ambalo yeye na wenzake wa Kivu ya Kusini, Kongo, huliita mbabula, kama wanavyochanganya Kifaransa na kusema donc kwa basi na mais kwa lakini. Maziwa yalikuja asubuhi kwa baiskeli kutoka upande wa Rugaaga, akayachemsha pamoja na majani hadi chai ikawa nzito na ya kahawia iliyokolea, kisha tangawizi na sukari ya kutosha kumfanya mgonjwa wa sukari akimbie. Mimi ni Mwislamu ninayeishi mtaa wa Nyamitanga hapa Mbarara, katikati ya kengele za Wakatoliki, yeye alikuwa mama wa kwaya, kwa hiyo utani haukukosekana. Mwezi wa Ramadhani ulipofika na mimi nikapita mbele ya kibanda bila kuketi, alikuwa akinipigia kelele: "Papa, Mungu yako anataka maziwa yangu iharibike?" Watu wakacheka, nami nikamwambia amwulize Mungu wake kwa nini ameyafanya mengi.

Lakini kilichomfanya ajulikane Juru nzima hakikuwa ladha ya chai. Siku za kliniki wanawake wajawazito walikuwa wakitoka pale kituoni na vidonge vya kuongeza damu vilivyofungwa kwenye karatasi. Yeyote aliyewahi kuvimeza anajua: vina harufu ya kutu, vinachafua tumbo, choo kinakuwa cheusi. Juu ya hayo palikuwa na uvumi kwamba vinamkuza mtoto tumboni mpaka anashindwa kutoka. Wengi walikuwa wakivitupa chooni hata kabla hawajafika nyumbani, na kliniki inayofuata wanaapa kwamba wamemaliza vyote. Mama wa chai akajipa kazi ambayo hakuna aliyempa. Alisimama njiani, mkono kiunoni, akawaita mmoja mmoja. "Kuya hapa. Ikala. Meza nione." Yaani njoo, keti. Na mkononi alikuwa na kikombe cha chai ya moto ya maziwa, ya bure, kwa sababu chai ile ilikuwa ikiua kabisa ile ladha ya kutu. Kuna siku nilimwona dada mmoja akijifanya amemeza, kumbe kidonge kiko chini ya ulimi. Mama akamtazama, akampigia kisa kirefu cha mbuzi aliyepotea mpaka dada wa watu akasahau na kucheka, na alipocheka kidonge kikaonekana. "Haa! Weye! Nilikuwa nakungoja!" Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Yule dada alimeza, akanywa, na kesho yake akarudi mwenyewe.

Desturi ikaenea. Wale wa karibu walikuja kila asubuhi na kidonge kwenye pindo la kitenge, na wa mbali walifundishwa wafanye hivyo hivyo kwao: kidonge na chayi ya maziwa, ya moto, na kichefuchefu hutakisikia. Kituo kilifurahi, maana hatimaye watu walikuwa wanameza. Niliwahi kumwuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa watoto wa watu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Nilikuwa na mutoto mwanamuke," akasema. "Alizaa kule kwetu, mu njia, tunakimbia. Damu ilitoka, ikatoka. Muganga mumoja wa hospitali akaniambia, huyu alikuwa na damu kidogo tangu zamani, haukuona? Miye nilikuwa naona yuko mweupe, papa. Nikawaza ni uzuri." Nikaweka kikombe chini kikiwa nusu. Niliondoka mapema siku ile.

Alibakiwa na mwana mmoja wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi hapa mjini, na mke wa mwana huyo ndiye aliyekaa naye Juru. Alikuwa binti mwembamba, mkimya, asiyejua kusema hapana. Binti akashika mimba. Sasa fikiria mwenyewe jinsi mama yule alivyomlinda. Kidonge hakikukosekana hata asubuhi moja. Alimezeshwa mbele ya macho yake, na kikombe kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine, maziwa mengi zaidi, majani mengi zaidi. Alipokwenda kliniki, nesi akamchoma kidole na kusema damu iko chini. Wakamwongezea vidonge. Kliniki iliyofuata, damu ilikuwa chini zaidi, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Binti alikuwa akipanda kilima kidogo cha kutoka kisimani anasimama mara kadhaa kutafuta pumzi, na viganja vyake vilikuwa vimepoteza rangi.

Mimi nilikuwepo siku mambo yalipolipuka. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele nikingoja baiskeli za maharage. Binti akatoka kituoni analia. Nesi, msichana wa Kinyankore aliyehamishiwa pale si muda mrefu, alikuwa amemwambia wazi kwamba anatupa dawa. Mama wa chai aliposikia, aliweka kijiko chini, akavuka njia, akaingia mpaka ndani ya kituo, na sauti yake ilisikika hadi kwenye mashamba. "Unasema anatupa? Ni miye ninamumezesha! Na mikono yangu!" Nesi naye hakuwa mtu wa kukanyagwa, ingawa alimwita nyabo, yaani bibi, kwa adabu ya watu wa huku. "Nyabo, mimi naona damu. Damu haidanganyi. Kama yeye anameza, mbona haipandi? Mumetupa dawa!" Watu wakaanza kukusanyika. Mwishowe nesi akatoka nje, uso umekunjamana, akaja mpaka kibandani. "Sawa. Onyesha mimi. Yeye anameza namna gani?"

Mama akamkalisha mkwe wake. Akamimina chai, mvuke ukapanda. Akaweka kidonge kwenye kiganja cha binti kwa taratibu za mtu anayejua anatazamwa na mashahidi, binti akameza, akanywa kikombe chote. Mama akamgeukia nesi na kidevu juu. "Umeona?" Nesi alikuwa amekitazama kile kikombe muda wote. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni pake kilinitia hofu kuliko hasira. "Na chai, mama? Siku yote na chai?" "Na chayi ya maziwa, ndiyo. Asubui yote." Nesi akaketi kwenye benchi letu bila kukaribishwa. "Mama, chai hapana. Chai inashika ile dawa ndani ya tumbo, na maziwa pia inashika. Haiendi kwa damu. Inapita tu, inatoka. Hii dawa inataka kitu kichachu, ndimu, chungwa, nyanya. Inataka chakula, maharage na dodo na samaki ndogo. Chai inangoja kwanza, masaa mbili hivi, ndiyo akunywe." Dodo ndiyo mchicha kwa watu wa huku, na mchicha ulikuwa umejiotea nyuma ya kibanda bila mtu kuujali.

Palikuwa na wanawake sita au saba kwenye mabenchi, na kila mmoja alikuwa na kikombe mkononi. Mama wa chai aliwatazama, kisha akamtazama nesi. "Donc unasema miye naua batoto ba batu." "Sijasema hivyo, mama." "Umesema! Mbele ya batu bote umesema!" Nesi akanyoosha mkono kumtuliza. "Toka mu kibanda yangu," mama akasema, na sauti ilikuwa ya chini sasa. Nesi akainuka, akavuka njia. Mimi nilibaki na chai nusu kikombe nisijue ninywe au nimwage, na wale wanawake walikuwa hivyo hivyo. Hatimaye mmoja akanywa, kwa adabu tu, na wengine wakafuata.

Nataka msomaji aelewe jinsi mtego ule ulivyokuwa mbaya. Nesi alikuwa na haki kwa alichosema. Lakini mama naye hakuwa mjinga, na alijua jambo ambalo nesi bado hakulijua, kwamba ukiondoa chai, vidonge vinarudi chooni. Bila yeye wanawake wale hawakuwa wanameza chochote. Na juu ya yote alikuwepo binti mwenye tumbo kubwa na damu ndogo, na siku zinakwenda. Nilirudi Mbarara na maharage yangu nikiwa nimevurugika, nikamfokea kila aliyenisemesha njiani.

Nilipokwenda tena, niliona jambo. Binti alipokuja kuketi, mama aliinama chini ya meza akatoa kikombe kilichofunikwa kwa kisosi. Ndani yake hamkuwa na chai. Yalikuwa maji ya ndimu. Pembeni akamwekea sahani ya maharage yaliyopikwa kwa nyanya na mchicha, na vidagaa viwili vitatu juu. Binti akameza, akanywa, akala, mgongo wake umeelekezwa kwa watu. Wale wanawake wengine wakaendelea kupewa chai ya maziwa kama kawaida. Nikatazama mara moja, nikatazama mara ya pili. Mimi sijaumbwa na uwezo wa kujitia hamnazo. "Na hawa wengine, mama?" nikauliza. "Kunywa chayi yako, papa." "Nimeuliza." "Na miye nimekuambia kunywa." Akageuka kuchochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa. Baadaye, kibanda kilipopungua watu, akanisogelea akasema polepole, macho yakiwa kwenye mlango wa kituo: "Nikisema leo chayi ni mubaya, banauliza jana ilikuwa nini."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Ilikuwa hofu ya mtu mzima mwenye akili zake. Wiki zile zilikuwa nzito. Dalali wangu aliniambia mama ameacha kuimba akipika, na kwamba anamgombeza muuza maziwa bila sababu. Alikuwa anangoja kliniki ya mkwe wake. Damu ikikataa kupanda, basi nesi ni mwongo na chai haina kosa, lakini binti yuko hatarini. Ikipanda, binti amepona, lakini chai ina hatia na vikombe vyote vile alivyowagawia watu kwa upendo vina hatia pia. Nadhani kuna upande wa moyo wake uliopiga magoti ukiomba damu ipande, na kuna upande mwingine ambao haukuthubutu kusema ulichokuwa ukiomba. Simhukumu kwa hilo. Sijui kama mimi ningeweza hata kulala.

Siku ya kliniki niliipanga safari yangu makusudi, ingawa msimu wa maharage ulikuwa umekwisha na sikuwa na cha kununua. Mama alinitazama nikishuka kwenye pikipiki akaelewa, akaniwekea kikombe. Binti akaingia ndani. Mabenchi yalijaa, wengine walikuwa wameshatoka na karatasi zao za vidonge, wanangoja chai. Mama hakuwamiminia. Birika lilikuwa likichemka na yeye amesimama kando yake, mikono imefunikwa na kitambaa. Mlango ulipofunguliwa, binti alitoka anatembea haraka, jambo ambalo hatukuliona kwake kwa miezi. "Mama, imepanda. Nesi anasema haijafika, mais imepanda." Mama alimkumbatia kwa nguvu hata nikahofia tumbo. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akafuta uso kwa kitenge. Nilidhani anashukuru. Kumbe alikuwa anapiga moyo konde.

Akasimama mbele ya mabenchi. "Banamama, musikie. Leo hakuna chayi na dawa. Chayi itakuwako, mais nyuma. Dawa ni na ndimu, ni na chakula." Mmoja akacheka akidhani ni mzaha. "Sifanye muchezo. Ule muganga wa kituo alisema kweli. Chayi yangu ilikuwa inakamata dawa mu tumbo yenu. Mulikuwa munameza bure. Ni miye nilibafundisha vile, na nilibafundisha vibaya. Na tena kuna siku mingi nilijua, nikanyamaza. Nilipatia mukwe wangu ndimu, na nyiye nikabapatia chayi. Munisamehe." Nimekaa katika mikutano mingi, wasomaji wangu, ya serikali, ya misikiti, ya vyama vya wafanyabiashara. Sijawahi kumsikia mtu akisema maneno kama yale bila kulazimishwa. Sehemu ya pili, ile ya kwamba alijua akanyamaza, hakuna ambaye angeigundua. Aliitoa mwenyewe.

Kwenye benchi la nyuma palikuwa na mama mmoja ambaye masika yaliyotangulia alikuwa amejifungua kabla ya wakati, akamzika mtoto, na mwenyewe akaponea chupuchupu. Akainuka na kikombe kitupu mkononi. "Miye nilikuwa nakunywa hapa," akasema. "Asubui yote. Uliniambia meza nione, nikameza. Mutoto wangu ni chayi yako?" Nesi alikuwa ametoka mlangoni kusikiliza, akavuka njia mbio. "Hapana, mama, ile ya wewe ilikuwa malaria, mimi nimesoma karatasi ya wewe, ilikuwa malaria..." Mama wa chai akainua mkono. "Muache aulize." Akamtazama yule mwanamke usoni. Mlango wa kukimbilia ulikuwa wazi, umefunguliwa na nesi mwenyewe, tena nesi ambaye mama alimfukuza. Malaria ingetosha kabisa. "Siyuwe," akasema, yaani hajui. "Pengine ni malaria. Pengine chayi yangu ilisaidia malaria. Siwezi kukuambia hapana." Yule mwanamke akaweka kikombe chini ardhini, si mezani, akaondoka. Hakurudi tena kibandani, siku ile wala nyingine yoyote.

Biashara ilianguka. Kuna waliosema anawanga, wapo waliosema amehongwa na kituo, na wachekeshaji wa pale sokoni walimpa jina ambalo siliandiki. Baadhi ya wajawazito walirudia kutupa vidonge kama alivyohofia, naye akawafuata vijijini kwa miguu na mfuko wa ndimu begani, akiwagongea milango, akirudia kusema lile lile la aibu kwa kila mlango kwa sababu bila kulisema lile wasingeelewa kwa nini amekuja. Nesi na yeye hawakuwa marafiki, usije ukadhani. Walizozana juu ya ndimu ngapi, juu ya foleni, juu ya takataka za kibanda. Ila nesi alianza kuwatuma kwake wanawake waliokuwa wakikataa dawa, naye akawa anawapokea, na kibanda kikawa na vyungu viwili, cha maharage mbele na cha chai nyuma. Kitu ambacho hakikuwahi kumtoka ni ile sauti: "Meza nione."

Uchungu wa mkwe wake ulianza kabla hajafikisha damu aliyotakiwa kufikisha, na kituo hakikutaka kujaribu bahati; walimpakia kwenye gari la wagonjwa hadi Mbarara. Mama akanipigia simu. "Papa, tuko kwenu." Nikavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu kwa sababu waendesha pikipiki wote walinitajia nauli ya kunionea, au mimi ndiye niliyewaonea, sikumbuki. Nilimkuta ameketi sakafuni kwenye korido ya hospitali, mgongo ukutani, kitenge kimetandikwa, mwanawe amesimama kando na udongo wa ujenzi kwenye viatu. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, walisikia kilio chake. Lakini mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa umefungwa tena, na wauguzi walikuwa wakiingia na kutoka mbio, na mmoja alitoka ameshika kitu kilichofunikwa ambacho kilikuwa chekundu. Damu ilikuwa inatoka na haitaki kukoma. Mama akanishika mkono wa kanzu. Kwa miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kunigusa. "Ule wa kwanza, mu njia, hakukuwa na mulango," akasema. "Huyu iko na mulango, papa. Iko na mulango na baganga." Alirudia hivyo mara nyingi, na kila mara mkono wake ulikaza zaidi. Nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazibuni.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka kiasi cha kuegemea fremu ya mlango. "Mama iko sawa," akasema. "Damu imetoka mingi, mingi sana. Lakini yeye alikuja na akiba kidogo, ile ndiyo imesaidia. Kama hakuna ile..." Hakumalizia, akaenda zake kunawa. Mwana akapiga magoti pale pale, mimi nikawa nacheka kama mwehu. Mama hakucheka wala hakupiga vigelegele. Alikaa akiitazama sakafu, kisha akauliza, bila kumwelekea yeyote: "Na ule mama ya benchi ya nyuma? Yeye nani alimupatia akiba?" Hapo ndipo alipolia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega tu yanakwenda juu na chini. Alilia hivyo siku ya furaha yake, nami nikaketi sakafuni kando yake.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa hapa mjini, ambako tunajiona tumeerevuka. Nenda nyumba za watu wenye uwezo hapa Mbarara uone: kidonge cha madini ya chuma kinamezwa pamoja na cha kalsiamu, vyote kwa mkupuo mmoja na kikombe cha chai ya maziwa, kisha mwenye nyumba anashangaa kwa nini bado anasikia kizunguzungu. Kwenye duka la dawa wanamwambia mara moja kwa siku, wanamrudishia chenji, mteja mwingine asogee. Chakula alichonacho mezani, ndimu iliyojaa mtini uani, hakuna anayevitaja, kwa kuwa hivyo havimo kwenye pakiti. Na si dawa tu. Tunahesabu tulivyogawa: vitabu, mbegu, vyandarua, mafunzo. Tunaandika kwamba vimetolewa, tunapiga picha, tunarudi nyumbani tumeridhika. Kama vimefika vilikokusudiwa au vimepita tu na kutoka, hilo hatuulizi, na anayeuliza anaonekana mchokozi. Yule nesi aliuliza swali moja jepesi, anameza namna gani, na swali lile liligharimu amani ya kijiji kizima kwa msimu mmoja. Ndiyo maana wengi wetu hatuliulizi.

Nilikwenda kumzika. Kulikuwa na matope, kwaya yake iliimba vibaya kwa sababu sauti iliyokuwa ikiwaongoza ndiyo iliyokuwa sandukuni. Mkwe wake alikuwepo, ana nguvu, amembeba mgongoni yule mtoto ambaye sasa ni mzito na mkorofi. Nesi aliomba ruhusa kazini akaja, akasimama nyuma, akalia kuliko ndugu. Wanawake walijaa, na wengi walikuwa na watoto. Nilikuwa nikitafuta uso mmoja katikati yao, na nikamwuliza dalali kwa sauti ya chini. "Hakuyaka," akasema. Hakuja. Yupo, anaishi pale pale Juru, mwendo mfupi kutoka makaburini, na alikuwa akipalilia shamba lake wakati sisi tunashusha jeneza. Nilikasirika kwanza, kama kawaida yangu. Kisha hasira ikaniishia, kwa sababu yule mwanamke hana deni kwa mtu. Alipoteza mtoto, akajibiwa ukweli, na ukweli haukumrudishia chochote.

Marehemu alilijua hilo. Alipiga magoti mbele ya kila mlango bila kuahidiwa kwamba utafunguliwa, na kuna mmoja uliobaki umefungwa hadi anaingia kaburini. Basi ikiwa nawe umegundua leo kwamba ulichowapa watu jana kwa mikono miwili na moyo mweupe kiliwadhuru, usingoje mpaka uwe na hakika ya kusamehewa ndipo useme. Huenda hutasamehewa. Sema hata hivyo, maana kesho asubuhi kuna mwingine atakayekuja kwako na kidonge mkononi, na atameza chochote utakachomwambia.